SOMO: Kuandika maelekezo ya simu na kompyuta yanayofuatika

Nimechoka kuulizwa inboksi "mkuu, mbona watu hawaelewi maelekezo yangu?" Naandika hapa mara moja.

1. Fanya kazi yenyewe mwanzo mwisho huku ukiandika. Usitegemee kichwa.

2. Hatua moja, tendo moja.

3. Taja mahali kwanza: "Juu kulia, bonyeza vidoti vitatu."

4. Jina la kitufe liwe lile lile analoliona yeye. Simu yake ikisema Settings, usimwandikie Mipangilio.

5. Onyo litangulie hatua. Hapa ndipo watu wanaumizwa. Kuna maelekezo ya kuhamisha WhatsApp yanazunguka kwenye magrupu: hatua ya 3, "Futa WhatsApp kwenye simu ya zamani", hatua ya 4, "Hakikisha ulishahifadhi nakala ya meseji." Jamani! Msomaji hamalizi kusoma ndipo aanze. Anasoma mstari, anabonyeza, anarudi kusoma. Akifika ya 4, meseji za miaka zimekwenda. Andika hivi: "Fungua Chat backup. Kama huoni tarehe ya leo, usiendelee." Kufuta kuje baadaye kabisa, tena baada ya simu mpya kuonyesha meseji zote.

6. Mwambie ataona nini akipatia.

7. Mpe asiyejua ajaribu mbele yako. Nyamaza. Anapokwama, karatasi ndiyo yenye kasoro.

MASWALI

Chapakazi: Mkuu, kwa hiyo onyo linakaa wapi?
— Namba 5.

Mzee wa Fasta: Mambo mengi, si urekodi video tu?
— Bando la kuiangalia utamnunulia wewe? Na akikwama katikati atarudisha nyuma mara ngapi? Rekodi ukipenda, ila maandishi yawepo.

Binti Pwani: Samahani kaka, anayetoka Android kwenda iPhone naye afuate hatua hizo hizo?
— Swali zuri sana dada. Hapana. Nakala iliyohifadhiwa Google haifunguki kwenye iPhone. Huko inatumika programu ya Move to iOS, na iPhone iwe mpya au imerudishwa upya kama ilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana usichanganye na "kama una iPhone ruka hadi ya 9". Andika karatasi mbili, kila moja na kichwa chake.

Mweka Hazina: Nawaandikia wazee wa kikoba jinsi ya kulipa kwa M-Pesa ya Vodacom, *150*00#. Wanalalamika inakatika.
— Menyu ile haisubiri. Mzee akianza kutafuta miwani asome namba ya malipo, imeshakata. Hatua ya kwanza iwe kuandika namba hiyo kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kabla hajapiga. Na usiwape tarakimu tupu, "4, kisha 2". Menyu hubadilishwa, weka na maneno yake.

Binti Pwani: Naongezea: ukipiga skrinshoti ya muamala, ziba salio na namba ya simu kabla hujairusha grupuni.
— Na jina pia.