Kurekodi lupu za dramu zinazokaa sawa kwenye kazi ya mwenzako

Lupu ni kipande cha mdundo, kwa kawaida baa mbili hadi nane, kinachorudiwa bila msikilizaji kujua kimeishia wapi na kuanzia wapi. Ukiipakia mtandaoni wengine waitumie, atakayeichukua hayupo chumbani kwako. Hawezi kukuuliza ulipiga kwa kasi gani, wala kukuomba urudie ile baa ya tatu. Kwa hiyo mambo ya faili yamalize yote wewe: urefu, kingo, jina, ruhusa. Mambo ya muziki mwachie yeye: mwangwi, kompresa, besi iwe nzito kiasi gani. Wapigaji wengi hufanya kinyume chake. Hutumia saa nzima kuipamba sauti, halafu hukata faili kwa kukisia.

Mifano ya hapa ni sebene ya 4/4 na chakacha ya 6/8. Midundo ya roki na hip hop imejaa mtandaoni. Prodyuza anayetaka chakacha iliyopigwa kwa mikono ya mtu ndiye anayehangaika.

Kasi kwanza

Amua kasi (mapigo kwa dakika) kabla ya kushika fimbo, na upige na kliki, ile sauti ya kuhesabu mapigo masikioni. Ukirekodi kwa 48,000 Hz, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kila sekunde, gawanya 2,880,000 kwa kasi, upate idadi ya sampuli katika pigo moja. Kwa 120 ni 24,000, kwa 128 ni 22,500, kwa 96 ni 30,000. Kwa 110 unapata 26,181 na desimali zisizokwisha. Si dhambi, ila chagua kasi zinazogawanyika ukiweza, maana hesabu ya kukata inakuwa nyepesi. Sebene ya 128, baa nne, ni sampuli 360,000 kamili, yaani sekunde 7.5.

Kosa linaloumiza si desimali, ni kukata kwa macho. Lupu iliyozidi kwa milisekunde 5 tu, ikirudiwa mara 32, imechelewa kwa milisekunde 160. Kwa kasi ya 94 hiyo ni karibu robo nzima ya pigo. Mpiga gitaa ataanza kudhani tatizo ni lake.

Chakacha ina mtego wake. Mpigaji anahesabu mapigo mawili makubwa katika kila baa ya 6/8, lakini programu nyingi za kurekodi zinahesabu noti za robo. Pigo kubwa moja ni noti ya robo na nusu yake. Kwa hiyo mapigo makubwa 120 kwa dakika yanaandikwa 180 kwenye programu, na baa moja inachukua sekunde moja. Ukiandika "120" peke yake kwenye jina la faili, mwenzako ataiingiza kwenye mradi wa 120, programu itaivuta, na atakachosikia hakitafanana na chakacha. Andika namba zote mbili. Na kliki yenyewe iweke kwenye noti zote sita za moja ya nane. Kliki ya robo tupu itagongana na mkono wako.

Chumba na maiki

Maiki nne zinatosha: moja ya kiki (dramu kubwa ya mguu), moja ya sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali), mbili juu. Zile mbili za juu ziwe umbali sawa kutoka katikati ya sneya. Usikadirie, chukua uzi, ushike katikati ya ngozi ya sneya, uuvute hadi maiki ya kwanza, halafu ulete urefu uleule kwenye ya pili. Mita moja nzuri kuanzia. Sauti huchukua karibu milisekunde 2.9 kusafiri mita moja, sawa na sampuli 140 hivi, na tofauti ya sentimita ishirini tu inatosha kuikonda sneya pale maiki mbili zinapochanganywa. Ukimaliza kuziweka, geuza polariti (upande wa wimbi la sauti) ya maiki ya kiki huku unasikiliza zote pamoja. Upande wenye besi nene ndio sahihi.

Viwango: piga kwa nguvu zote utakazotumia, halafu shusha hadi vilele viwe kati ya -12 na -6 dB. Kwa biti 24 huna sababu ya kusogelea sifuri. Kilele kilichogonga juu kimeharibika, na kitaharibika tena kila lupu inaporudi.

Hilo la kurudi ndilo linalotofautisha lupu na rekodi ya kawaida. Feni, jenereta la jirani, mvua kwenye bati, kelele hizi zinavumilika ndani ya wimbo wa dakika nne. Ndani ya lupu zinakuwa ala. Jogoo akiwika kwenye baa ya pili ya lupu ya sekunde nane, atawika kila sekunde nane mpaka wimbo uishe. Zima feni, jipashe joto kwa kupiga dakika chache, ndipo urekodi.

Kliki inayovuja kutoka kwenye hedifoni ni adui mwingine, na hujificha: huisikii ukiwa unapiga, unaisikia pale unaponyamaza. Tumia hedifoni zinazofunika sikio zima, chagua sauti ya kliki isiyo kali, na ishushe mpaka uisikie kwa shida.

Ukiongeza vumi au chapuo za ngozi kwenye chakacha, kumbuka kuwa ngozi hulegea kwenye unyevunyevu wa pwani. Ngoma iliyopashwa moto saa tatu asubuhi haina sauti ileile saa tano. Rekodi pigo moja moja la kila ngoma mwanzoni na mwishoni mwa kazi, ulinganishe. Zikitofautiana, zipashe tena na urudie lupu za mwisho, la sivyo lupu A na lupu F hazitakaa katika wimbo mmoja.

Piga mara mbili, chukua ya pili

Hapa ndipo lupu nyingi zinapokufa. Mtu anapiga baa nne kuanzia kimya, anakata, anaweka. Inaporudi, unasikia kama mtu amekata pumzi: matoazi yaliyokuwa yanalia mwishoni mwa baa ya nne yananyamaza ghafla, kwa sababu mwanzo wa baa ya kwanza ulirekodiwa wakati hakuna kilichokuwa kinalia.

Dawa ni kupiga mzunguko wote angalau mara mbili mfululizo bila kubadilisha kitu, kisha kukata mzunguko wa pili. Mwanzo wake umebeba mlio uliobaki wa mzunguko wa kwanza, na mlio huohuo ndio unaohitajika pale mwisho unapoungana na mwanzo. Piga mara nne kama unaweza, uwe na uchaguzi. Mzunguko wa kwanza usiutupe: unafaa kuwa faili la kuanzia wimbo. Na mwishoni piga pigo moja la kufungia, uliache toazi lilie mpaka linyamaze lenyewe, ulihifadhi kama faili la mkia. Prodyuza asiye na mkia hulazimika kuififisha lupu, na inasikika.

Kipigo cha kujaza, kile cha kuzungusha tomu kabla ya kibwagizo, kiwe faili lake. Kikikaa ndani ya lupu ya baa nne kitachosha kabla ya ubeti wa kwanza kwisha.

Kukata

Kata kwenye mstari wa gridi, kwa urefu kamili wa hesabu ya hapo juu. Lakini vuta picha kwanza uangalie kiki ya pigo la kwanza. Wapigaji wa sebene hupenda kuutangulia mstari kidogo, na kiki ikitangulia kwa milisekunde 8, mkato wa gridi utaiacha nje. Utapata lupu inayoanza kwa kiki isiyo na meno, na mwishoni ina mtwango wa ajabu ambao kwa kweli ni mwanzo wa kiki ya baa inayofuata.

Usisogeze pigo moja moja hadi kwenye mstari. Ule utangulizi ndio mdundo wenyewe, na anayetaka mapigo yaliyonyooka anayo mashine. Sogeza rekodi yote, treki zote za maiki kwa pamoja, zichelewe kwa milisekunde 10, yaani sampuli 480 kwa 48,000 Hz. Halafu kata. Mwanzoni weka mfifio wa milisekunde moja au chini yake, mwishoni milisekunde 3 hadi 5, ili kusiwe na mlio wa "tk" kwenye maungio.

Usiweke mwangwi, mkia wake utakatwa kwenye ukingo na kosa lile la matoazi litarudi kwa mlango mwingine. Kuongeza sauti fanya kwa seti nzima, kwa kiasi kimoja. Ukizipandisha faili moja moja mpaka zilingane vilele, lupu ya ubeti uliyoipiga taratibu itakuwa na kelele sawa na ya kibwagizo.

Faili

Toa WAV ya biti 24. MP3 iwe ya kuonjesha tu: hufungasha sauti kwa mafungu ya sampuli 1,152 na huongeza kimya mwanzoni, kwa hivyo urefu uliouhangaikia unapotea. FLAC haipotezi kitu na hupunguza ukubwa, ila hakikisha wenzako wana programu zinazoifungua.

Lupu ya sekunde nane ya stereo ni MB 2.3. Lupu thelathini ni karibu MB 70. Maiki nne za kila lupu zikitolewa kando kando zinaongeza MB 4.6 kwa lupu. Bando ni pesa: tengeneza zip mbili, moja ya michanganyiko, nyingine ya maiki kando kando. Faili za maiki za lupu moja ziwe na urefu sawa mpaka sampuli ya mwisho.

Majina yasiwe na nafasi:

sebene_128_4-4_A1_4baa.wav
chakacha_180-120_6-8_B2_4baa.wav
chakacha_180-120_6-8_mkia.wav

Kabla ya kutuma, fungua mradi mtupu, weka kasi, ingiza lupu, irudie mara kumi na sita pamoja na kliki. Ukiweza kutaja ni wapi inapoungana, bado haijaisha. Kisha mpe mtu mwenye programu tofauti na yako, usimweleze chochote, uone kama ataiweka sawa kwa kusoma jina tu.

Ruhusa

"Tumieni tu" si ruhusa ambayo prodyuza makini anaweza kuitegemea. Leseni za Creative Commons zinafaa, lakini si zote zinafaa lupu. CC0 inaachia kila kitu. CC BY inataka utajwe jina. CC BY-NC inakataza biashara, na mwanamuziki atakayeuza wimbo wake hawezi kuigusa. ND inakataza kazi iliyotokana na yako, wakati lupu haina matumizi mengine. Ukishatoa leseni hizi, aliyekwisha kuchukua nakala huwezi kumnyang'anya, basi fikiri kabla. Mpiga dramu Gregory Coleman alipiga baa nne peke yake kwenye "Amen, Brother" ya bendi ya The Winstons mwaka 1969, zikawa miongoni mwa mapigo yaliyonakiliwa zaidi duniani, na hakulipwa mrabaha kwa hayo. Kutoa bure ni sawa, mradi uwe umeamua wewe.

Leseni yako inahusu rekodi yako, si mdundo. Chakacha haikuanza na wewe. Na kama mwenzako alipiga chapuo, ridhaa yake ipatikane kabla ya kupakia, kwa maandishi.

Ndani ya zip weka SOMA.txt: jina la kutajwa, leseni na anwani yake, orodha ya kasi, dramu na maiki zilizotumika. Ongeza onyo moja: wimbo wenye lupu hizi usisajiliwe kwenye Content ID ya YouTube (mfumo unaotambua sauti na kudai haki) ikiwa lupu inasikika peke yake, kwa sababu wengine wote walioitumia wataanza kupata madai. Tovuti za Freesound na Internet Archive zote hupokea kazi za namna hii na huonyesha leseni waziwazi.

Ukigundua kosa baadaye, usibadilishe faili kwa jina lilelile. Miradi ya watu hukumbuka majina, na wimbo uliokuwa umekaa sawa utafunguka na mdundo mwingine. Ongeza v2 mwishoni, uache la zamani lilipo, na uandike kwenye SOMA.txt kilichorekebishwa.