Somo: Kukodi gari Unguja, tangu leseni mpaka kurudisha ufunguo

Assalaam alaykum jamaa. Ndugu wa Muscat na London wanaokuja kutembea huniuliza kila msimu: nikodi gari au nipande teksi? Kodini, lakini kwa mpango huu.

Hatua ya 1, karatasi. Leseni ya nje peke yake haitoshi. Unatakiwa na kibali cha muda cha hapa Zanzibar. Mara nyingi anayekukodisha ndiye anayekushughulikia, basi mtumie picha ya leseni na pasipoti kabla hujapanda ndege. Kile kitabu cha kimataifa cha udereva ni tafsiri ya leseni tu, usije nacho ukaiacha leseni yenyewe nyumbani. Vizuizi vya polisi viko njiani, kwa hiyo karatasi zikae karibu, si chini ya begi la nguo.

Hatua ya 2, bima. Uliza kama ni kubwa au ndogo, kisha uione kwa macho. Ndogo inamlipa uliyemgonga. Gari ulilokodi utalitengeneza mwenyewe. Na ile ya dola 44 wanayotozwa wageni tangu Oktoba 2024 ni bima ya safari, haihusiani na bodi ya gari.

Hatua ya 3, ukaguzi. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Mpwa wangu alipokea Escudo saa mbili usiku, chini ya mwembe, akaondoka zake. Siku ya kurudisha akaonyeshwa mkwaruzo juu ya tairi la nyuma kushoto. Kutu ilikwishaingia ndani yake, yaani mkwaruzo wa miezi, lakini picha hana. Amana ikaliwa. Wewe pokea gari mchana. Lizunguke na simu ukirekodi, sauti ya mwenye gari isikike, na upige picha mshale wa mafuta. Spea tairi itoe uibonyeze, jeki na spana uzione. Kanyaga breki mtu akutazamie taa za nyuma.

Hatua ya 4, barabarani. Tunakwenda kushoto, usukani uko kulia. Wa Muscat atahangaika, lakini na wa London asijitape: gari zetu nyingi zimetoka Japani, indiketa iko mkono wa kulia. Utataka kukata kona, waipa zianze kufuta jua! Kwenye kiplefti, mpishe anayetoka kulia kwako. Matuta mengine hayana rangi. Jozani nenda polepole hata usipoona tuta, kima punju wanavuka. Vichochoro vya Mji Mkongwe viachie waendao kwa miguu na vespa. Egesha nje utembee.

Kinachonitisha mimi si trafiki, ni magharibi. Jua likishazama giza halichelewi, na njiani kuna baiskeli bila taa, gari la ng'ombe linarudi shamba, na daladala inayosimama ghafla abiria akigonga bodi. Nungwi ni kama kilomita 60 kutoka mjini, ondoka alasiri. Ramadhani, dakika za mwisho kabla ya futari, kila mtu anakimbilia nyumbani. Egesha, ule tende yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa wawili, Muscat: Kaka, kiti cha mtoto kinapatikana?
— Dada yangu, kiagize mapema na wakuthibitishie kwa maandishi. La sivyo njoo nacho.

Kijana wa London: Shikamoo. Trafiki akiniambia nina kosa, nimpe pesa pale pale?
— Marahaba. Salimia kwanza, teremsha kioo, zima muziki. Kama kosa lipo, omba faini iandikwe na upewe risiti. Usianze kubishana wala kutoa noti mfukoni.

Mgeni wa Paje: Maji yakitoka, naweza kuendesha ufukweni? Nimeona watu.
— Umewaona wanapoingia, hukuwaona wanapovutwa na kamba. Mchanga ule unakamata, maji yanarudi, na chumvi inakula chini ya gari. Soma mkataba wako, huenda umekatazwa waziwazi.

Mama wa wawili: Na tukigongwa, Mungu apishe mbali?
— Amin. Watoe watoto pembeni ya barabara, piga 112, halafu mpigie mwenye gari. Piga picha kabla gari hazijasogezwa, na usitie saini makubaliano ya pale njiani. Bila ripoti ya polisi, bima itakusumbua.

Kijana wa London: Mafuta?
— Jaza sheli ya mjini kabla hujatoka. Vijijini huenda ukauziwa ya chupa.