Kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili tofauti

Nafundisha darasa la tano hapa Rungwe, na kosa ninalolikuta daftari baada ya daftari ni hili: 1/2 + 1/4 = 2/6. Mtoto kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kabla ya kumwekea mkasi, namwambia arahisishe jibu lake. Anapata 1/3. Haya, ulikuwa na nusu lita ya maziwa, ukaongezewa robo lita. Imekuwaje yawe pungufu ya ile nusu ya mwanzo? Hapo anaifuta mwenyewe.

Asili, yaani namba ya chini, inataja ukubwa wa kipande. Kiasi, namba ya juu, kinahesabu vipande. Vipande visipolingana, havihesabiki pamoja. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuvilinganisha kwanza.

Chukua shamba la ekari moja: theluthi ni chai, robo ni parachichi. Fungua daftari la miraba, chora mstatili wenye mistari mitatu, kila mstari vyumba vinne. Jumla vyumba 12. Theluthi ya shamba ni mstari mmoja, vyumba 4, vipake kijani. Robo ya 12 ni vyumba 3. Vipake rangi nyingine, popote palipo wazi. Mwache mtoto ahesabu kwa kidole: vyumba 7 vina rangi, 5 ni vyeupe. Sasa aandike alichokiona:

1/3 + 1/4 = 4/12 + 3/12 = 7/12

Zile 5/12 zilizobaki ni za migomba. Nakuomba usiruke mchoro huu hata kama mtoto ni mwepesi, maana ndio unaomwonyesha 12 imetoka wapi.

Kwenye 5/6 − 3/8, wengi huzidisha 6 kwa 8, wakapata 48. Jibu litatoka sawa, ila namba zinakuwa kubwa bure. Tafuta KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili bila baki: taja vigawe vya asili iliyo kubwa, 8, 16, 24, ukomee pale 6 inapogawa bila baki. Ni 24. Ishirini na nne gawa kwa 6 ni 4, basi 5 × 4 = 20. Ishirini na nne gawa kwa 8 ni 3, basi 3 × 3 = 9.

20/24 − 9/24 = 11/24

Angalia sana hapa: asili ikizidishwa kwa 4, na kiasi kizidishwe kwa 4 hiyohiyo. Ukibadilisha chini tu, umebadilisha thamani ya sehemu.

Penye kuhitaji subira ni kukopa. Una magunia 3 1/4 ya viazi, umeuza 1 2/3. Kwa asili ya 12 ni 3 3/12 − 1 8/12, na 3 haitoshi kutoa 8. Fungua gunia moja zima: ni 12/12. Yale magunia 3 mazima yanakuwa 2, na 3/12 inakuwa 15/12.

2 15/12 − 1 8/12 = 1 7/12

Wapo wanaogeuza zote kuwa sehemu guni, yaani zenye kiasi kikubwa kuliko asili, 39/12 − 20/12, na ni sahihi vilevile. Mimi napenda kukopa kwa sababu mtoto anaendelea kuyaona magunia yake. Akimaliza, arudishe alichouza: 1 7/12 + 1 8/12. Isipofika 3 1/4, aanze kukagua pale alipokopa.