Kumfuga mjusi wa buluu wa Kimboza, mbali na Kimboza

Mimi ni mtoto wa Matombo, Morogoro. Msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, tulikuwa tunaupita kila tukienda mjini. Leo naishi Ujerumani, na sebuleni kwangu wapo mijusi watatu ambao asili yao ni msitu ule. Wenyewe hawajawahi kuuona. Wamezaliwa huku, na wazazi wao pia wamezaliwa huku. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo la kwanza kuuliza kabla hujafikiria taa wala sanduku: huyu mjusi katoka wapi?

Jina lake la kitaalamu ni Lygodactylus williamsi. Dume ni buluu ya kung'aa, tumbo la rangi ya chungwa, koo lina mistari myeusi. Jike ni kijani chenye kahawia. Pamoja na mkia hazidi sentimita 8. Anaishi juu ya mkadi wa msituni, ndugu yake mkadi wa pwani ambao maua yake bibi zetu wanayatia kwenye kikuba, na eneo lake lote duniani ni vipande vichache vya msitu huko Morogoro. Watafiti walikadiria kwamba kikundi kimoja tu cha wakamataji kilichukua zaidi ya mijusi 32,000 kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009. Kwa kuwa mjusi hujificha katikati ya majani ya mkadi, wakamataji walikuwa wanaukata mti wote ili wamfikie. Tangu 2017 yumo kwenye Orodha ya Kwanza ya mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo biashara ya waliokamatwa porini ni marufuku.

Kwa hiyo kama uko Tanzania, usimkamate na usimnunue kwa mtu. Ukitaka raha ya kumtazama mjusi wa mtini, toka nje asubuhi jua likipiga shina la mwembe. Pwani utamkuta ndugu yake mwenye kichwa cha njano anaota jua, na hataki chochote kutoka kwako. Kama uko Ulaya kama mimi, nunua kwa mfugaji aliyemzalisha mwenyewe, akupe cheti cha Umoja wa Ulaya kinachomhusu mjusi huyo, halafu nenda kamwandikishe kwenye ofisi ya hifadhi ya mazingira ya eneo lako. Muuzaji akisema "karatasi zitakuja baadaye", muage, uondoke.

Sasa makazi. Mjusi huyu anaishi kwa kupanda na kushuka, kwa hiyo sanduku la kioo liwe refu kwenda juu. Mimi wa kwanza niliwaweka dume na jike kwenye sanduku la sentimita 30 kwa 30, kimo 45. Linatosha, lakini walipohamia la 45 kwa 45 kwa 60 ndipo nilipowaona wakikimbia kweli. Ndani simamisha mianzi, minene na myembamba, mingine wima, mingine ya kulala karibu na taa. Mianzi yenye tundu wanaipenda sana: usiku wanaingia humo, na jike hutaga humo. Panda sansevieria, mmea wa majani marefu yaliyosimama, au mkadi mdogo wa kwenye chungu kama utaupata. Chini weka kokoto za kupitisha maji, juu yake udongo usio na mbolea, na majani makavu.

Kagua nyufa zote. Mtoto wa mjusi huyu anapita kwenye upenyo wa milimita mbili, hasa pale milango ya kioo inapokutana. Mimi niliziba kwa ukanda wa sponji.

Taa zinahitajika mbili. Moja ya joto, inayoelekea kwenye mwanzi mmoja wa juu, ili pale pafike nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, huku sehemu nyingine zikibaki kwenye 25 hadi 28. Usiku acha joto lishuke hadi 20 hivi. Taa ya pili ni ya UVB, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, kwa sababu huyu ni mjusi wa mchana, anaota jua, na bila mionzi hiyo mifupa yake inalainika. Iweke juu ya wavu. Ukiiweka juu ya kioo, kioo kinaizuia mionzi, utaona mwanga tu na mjusi hapati kitu. Badilisha taa hiyo kila mwaka hata kama bado inawaka, maana mionzi huisha kabla ya mwanga. Saa 12 kwa siku zinatosha.

Maji napulizia asubuhi na jioni, matone yakae kwenye majani na kwenye kioo. Hivyo ndivyo wanavyokunywa, kwa kulamba. Unyevu uwe kama asilimia 60 mchana, uongezeke usiku, lakini katikati ya mchana majani yawe yamekauka. Wapya wengi wanalowesha kupita kiasi kwa kuamini kwamba msitu ni maji matupu. Msitu una upepo pia. Sanduku lisilopitisha hewa linaleta ukungu na maradhi ya ngozi.

Chakula ni inzi wa matunda wasioruka na nyenje wadogo, urefu wa mdudu usizidi upana wa kichwa cha mjusi. Wakubwa nawapa siku moja ndiyo, moja hapana, wadudu watano au sita kila mmoja. Watoto wanakula kila siku. Wadudu nawatia kwenye kikombe chenye unga wa kalsiamu, natikisa, wanatoka weupe kama waliopakwa unga wa ngano. Mara mbili kwa wiki naweka unga maalumu wa matunda uliokorogwa na maji, ndani ya kifuniko cha chupa ya soda, na siku ya pili nakitoa. Nyenje waliobaki jioni watoe, kwa sababu usiku wanamtafuna mjusi aliyelala.

Mtazame shingoni. Jike anayejiandaa kutaga huwa na vivimbe viwili vyeupe pande za shingo, ndiyo akiba yake ya kalsiamu. Mara ya kwanza nilipoviona nilikimbilia kwa daktari nikidhani ni jipu. Ni dalili njema.

Usimshike. Mkia unakatika upesi, na ngozi yake ni nyepesi mno. Mimi huwahamisha kwa kuwasukumia taratibu ndani ya mwanzi, kisha naziba pande mbili kwa viganja. Raha yake ni kumtazama: akishuka mwanzi kichwa chini, ncha ya mkia inajibandika kama mguu wa tano, kwa sababu chini yake ina vigandio kama vya vidoleni.

La kuangalia sana ni nani anaishi na nani. Dume mmoja na jike mmoja au wawili, basi. Madume wawili watauana. Mimi niliuziwa dume mmoja na "majike wawili". Baada ya mwezi mmoja, jike mmojawapo alikuwa hali chakula, anakaa chini kabisa kwenye majani makavu, na mkia umeng'atwa. Nilipomtia kwenye chupa ya kioo na kumtazama tumboni kwa lenzi ya kukuza, nikaona safu ya vitundu yenye umbo la V mbele ya tundu la haja, na uvimbe kwenye shina la mkia. Alikuwa dume. Dume anayeonewa huvaa kijani cha jike ili asipigwe, na muuzaji aliangalia rangi tu. Nilimtenga jioni ileile. Siku ya tisa, peke yake kwenye sanduku lake, aligeuka buluu kuanzia kichwani hadi mkiani. Kwa hiyo usinunue kwa rangi. Geuza chupa, tazama tumbo.

Mayai huja mawili, yamebandikwa ndani ya mwanzi au kwenye kioo. Usijaribu kuyabandua, yatapasuka. Yakiwa kwenye kioo, yafunike kwa kikombe cha plastiki chenye matundu kilichobandikwa kwa utepe, maana wazazi wanaweza kula watoto wao. Yakiwa ndani ya mwanzi, toa mwanzi mzima ukauweke kwenye sanduku jingine. Subiri miezi miwili hadi mitatu. Andika tarehe ya kutaga kwenye utepe wenyewe, na watoto wakitoka, piga simu ofisi ileile uwaandikishe. Wa kwangu wa mwisho walitoka wawili asubuhi moja, kila mmoja urefu wa ukucha wangu wa dole gumba na kidogo, na kabla ya saa sita mchana walikuwa wameshawinda inzi.