Kutembea na mbwa Rungwe na Mufindi: mwongozo kwa mnaokuja likizo

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ni mahali pazuri mno pa kutembea na mbwa. Hewa ni ya baridi, maji yapo karibu kila bonde, na njia za miguu zimeunganisha vijiji tangu enzi za mababu. Ila huku usitegemee kibao cha kukuambia mbwa anaruhusiwa au la, kama ulivyozoea Ulaya au Marekani. Kila unapotaka kukanyaga, jiulize kwanza ardhi hiyo ni ya nani: ya hifadhi, ya serikali, ya kijiji au ya mtu. Hapo ndipo utajua kama mbwa aende au abaki nyumbani.

Tuanze na pale asipokwenda. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilianzishwa rasmi mwaka 2005, na kama hifadhi nyingine za taifa nchini haipokei mnyama wa kufugwa, hata awe mdogo wa kubebwa kwapani. Hali ni hiyo hiyo Mikumi, ambayo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inaipasua katikati. Usisimame mle ndani kumshusha mbwa akojoe. Mshushe Morogoro, kisha umshushe tena ukishafika Mikumi mjini.

Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, pamoja na msitu wa Ziwa Ngozi, ni hifadhi za misitu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Atatokea mtu wa kukuambia kwamba ukiongea vizuri na walinzi utapita. Mimi nakusihi usimpeleke. Rungwe ni moja ya sehemu chache sana duniani anakoishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walimjua tangu zamani. Wanyama wa misitu hii wamewindwa kwa mbwa miaka nenda rudi. Mlinzi akisikia mbwa anabweka mle ndani anajua kuna jangili, na kima naye anakimbia akijua hivyo hivyo. Isitoshe, pembezoni mwa misitu watu hutega mitego ya nyaya, na waya haumjui mbwa wako ni nani. Hata ukipita nje ya hifadhi, beba plaizi ya kukatia waya. Akinaswa, mfunike macho kwa koti kwanza ndipo ukate, maana mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda.

Sasa pale anapokwenda. Mimi ningeanza na Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu. Maporomoko yale yanashuka kama mita 40, na nyuma ya maji kuna pango unaloweza kuingia ukasimama. Njia inapita katika makazi ya watu, migomba na kahawa, kwa hiyo kamba isitoke mkononi mwako. Karibu na maji mawe yana ukoga na utelezi wa mwaka mzima. Hapo angalia miguu ya mbwa: akianza kutanua vidole na kushusha tumbo, anakuambia hana uhakika na jiwe. Usimvute. Legeza kamba, mwache achague pa kukanyaga au ageuke. Mkiwa wawili, mmoja abaki juu na mbwa, mwingine aingie pangoni, kisha mbadilishane.

Daraja la Mungu, upande wa Kiwira, ni mwamba wa volkano uliolala juu ya mto, nao mto ukajipenyeza chini yake. Kumfikisha mbwa pale si kazi ngumu, ila asisogee ukingoni. Kijungu, mbele kidogo kwenye mto huo huo, kipo ndani ya eneo la chuo cha magereza. Jitambulishe getini, sema una mbwa, na ukiambiwa abaki kwenye gari, abaki. Maji pale yanazunguka ndani ya tundu la mwamba kama chungu kilicho jikoni, na kitu kikitumbukia hakirudi. Miezi ya Machi na Aprili, mvua zikiwa zimekolea, mimi simpeleki mbwa kwenye mto wowote wa Rungwe.

Anayependa msitu wa kutembea saa nyingi bila mteremko mkali aende Mufindi. Shamba la miti la Sao Hill, karibu na Mafinga, ndilo kubwa kuliko yote nchini, na barabara zake za vumbi kati ya misindano ni tambarare. Omba ruhusa ofisini kwao. Jihadhari na malori ya magogo, na kuanzia Agosti hadi mvua ziingie usiwashe hata kiberiti.

Nirudi kwenye vijiji, kwa sababu hapo ndipo safari hufana au huharibika. Mbwa wa huku ni mlinzi wa boma. Watu wengi hawajawahi kuona mbwa anayetaka kuwalamba mikono, na wakimwona anawajia mbio watamrushia jiwe, tena wana haki. Kwa jirani Mwislamu, mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo usimwache anuse watu. Msalimie mzee kwanza kwa Kinyakyusa, "Mugonile", kisha useme wazi: "Mbwa wangu amechanjwa, nimemfunga, naomba kupita." Mbwa wako akiua kuku, lipa hapo hapo bila kubishana bei. Chukua kijana wa kijiji akuongoze, umpe ujira mliopatana. Yeye anajua ng'ombe wamefungwa wapi na mbwa gani wa jirani ni mkali.

Mbwa wako akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali wewe mwenyewe na cheti cha chanjo mkononi. Fanya hivyo hivyo wewe ukiumwa na mbwa wa kijiji, hata akiwa ametulia. Kichaa cha mbwa bado kinaua hapa kwetu.

Jioni mkague mbwa wako kwa vidole, usitegemee macho. Kupe hujificha ndani ya masikio, kwenye kope, kwapani na katikati ya vidole. Mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kusokota. Usimpake mafuta ya taa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimwekee mbwa bila kipimo cha daktari wa mifugo.

Mwisho ni makaratasi, na haya yaanze miezi kabla ya tiketi. Kuingia Tanzania unahitaji kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi, cheti cha afya na chanjo ya kichaa. Wengi hukwama wakati wa kurudi. Umoja wa Ulaya hutaka mbwa anayetoka Tanzania awe na kipimo cha damu kinachoonyesha kinga ya kichaa, damu ichukuliwe siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Ukipima ukiwa bado Ulaya, majibu yakaandikwa kwenye pasipoti ya mbwa na chanjo isikatike, unarudi naye moja kwa moja. Ukisubiri kupima huku, atakaa miezi 3 toka siku ya damu. Uingereza nayo hudai kipimo cha damu. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, mbwa awe na chipu, awe ametimiza miezi 6, na kwa aliyechanjwa huko, fomu ya chanjo iidhinishwe na idara ya kilimo ya Marekani kabla hamjaondoka. Fomu hiyo huwezi kuipata ukiwa Tukuyu.