Kuwasha moto porini wakati wa masika

Ukiwa porini masika, usihangaike na kuni za chini. Hata zikionekana kavu, zimeshanyonya unyevu wa ardhi. Tafuta matawi yaliyokufa lakini bado yamening'inia mtini au yamenasa vichakani. Vunja moja: likilia "ka!" chukua, likipinda liache. Gome likiwa limelowa, libandue kwa panga kisha uchonge maranda membamba, maana mti mkavu hulowa juu juu tu, ndani uko salama. Panga vijiti chini kwanza ili moto usikae kwenye tope. Na tafadhali, kiberiti kitie kwenye kichupa chenye kifuniko kabla hujatoka nyumbani. Wengi hukwama hapo: kuni nzuri wanazo, njiti zimelowa.