Mkienda makumbusho ya historia na watoto, mchukueni na bibi

Watu wengi wakisikia makumbusho wanawaza yale makubwa ya taifa, mi nawashauri anzeni na yale madogo ya historia ya eneo lenu, hata kama ni vyumba vitatu tu, maana huko ndo mtoto atakuta picha ya barabara anayopita kila siku kwenda shule kabla haijawekwa lami, na akiitambua mwenyewe hutamsikia tena akisema amechoka.

Ila kabla hamjapanga hata siku, tafuteni mzee wa kwenda naye. Bibi, babu, shangazi mkubwa, yeyote. Mara ya kwanza nilienda na wanangu wawili peke yetu, tukasoma vibao, tukatoka, basi. Mara ya pili tukaenda na mama yangu, na yeye alisimama mbele ya pasi ya mkaa karibu robo saa anawaonyesha wajukuu jinsi ya kuipepea, jinsi ya kupima joto kwa kidole kilicholoa, na jinsi cheche moja ilivyomtobolea gauni siku ya harusi ya dada yake. Kibao kiliandika "pasi, chuma" na hakuna zaidi. Wanangu mpaka leo wanaikumbuka ile gauni.

Pigeni simu kwanza. Makumbusho madogo mengi yanaendeshwa na watu wachache, wengine wanajitolea tu, kwa hiyo hayafunguliwi kila siku. Uliza kuhusu ngazi, viti vya kupumzikia wazee, choo, kigari cha mtoto, na kama picha zinaruhusiwa. Kama hela inabana uliza siku za bure, na msisahau tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, ipo tangu 1977, na sehemu nyingi siku hiyo zinaandaa vitu vya watoto.

Mkishaingia msipite kabati kwa kabati kuanzia mlangoni. Kuchoka makumbusho ni kitu kinachojulikana zamani, mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa jumba moja la sanaa kule Boston alichapisha picha za mtu anayeinama na kuchuchumaa ili aone vitu vya kwenye makabati, akionyesha ni kazi gani kwa mwili. Sasa fikiria mtoto wa miaka mitano ambaye kioo kinaanzia usawa wa macho yake! Saa moja inatosha. Zungukeni haraka mara moja, kila mtu achague kitu kimoja, halafu mrudi kwenye hivyo vichache mkae navyo.

Hapo kwenye kukaa navyo ndo penye utamu. Usimwambie mtoto "soma hapo", muulize kimechakaa wapi. Mpini uliolika upande mmoja unakuonyesha mkono ulikuwa unashika wapi, kiraka kinakuonyesha kilikuwa kitu cha thamani kiasi kwamba hakikutupwa kilipoharibika. Halafu watafute ile namba ndogo iliyoandikwa kwenye kitu au kwenye kibao, mfano 1974.12.3, makumbusho mengi yanaisoma hivi: kilipokelewa mwaka 1974, katika mzigo wa 12 wa mwaka huo, na ni kitu cha 3 kwenye mzigo. Mwaka huo ni wa kupokelewa sio wa kutengenezwa, wengi wanachanganya hapo.

Watoto watauliza mbona giza na mbona hawaruhusiwi kugusa, waelezeni sababu badala ya kuwakemea. Nguo, karatasi na picha za zamani zinapauka kwa mwanga na rangi ikishaondoka hairudi, ndo maana taa zinapunguzwa hadi luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga). Na vidole hata vikiwa visafi vina jasho lenye chumvi, linakula chuma polepole. Mtoto akielewa hilo anakuwa mlinzi mwenyewe, atawakataza nyie wakubwa.

Mzee akianza kusimulia, muombe ruhusa umrekodi kwa simu, na msimharakishe. Akinyamaza mbele ya picha fulani mwacheni, mpeni kiti, sio kila kumbukumbu ni ya kucheka.

Na kama bibi anamtambua mtu kwenye picha ambayo kibao kinasema "hajulikani", nendeni mapokezi mkaseme. Wahudumu watafurahi sana, jina moja tu linaweza kufungua historia ya picha nzima. Jioni mkirudi toeni na zile zenu za kabatini, bibi ataje majina na mtoto aandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza, sio kalamu, maana wino unaweza kupenya ukatokea usoni kwa mtu.